Kikombe Namba Kumi na Nne

Poznan, Poland
8 Desemba 2023

Shangazi yangu Kadija,

Shikamoo. Huku mimi mzima, isipokuwa baridi, ambayo sitakueleza kwa sababu kila nikiieleza baba anasema naringa. Nasikia Maimuna kajifungua salama huko Rasbura, mtoto wa kike. Mpe hongera, mwambie zawadi itakuja na mtu. Mgongo wa baba je? Kwenye simu ananiambia hamna shida, kwa sauti ya mtu aliyelala kifudifudi.

Nakuandikia barua kwa kuwa kwenye simu wewe huvuki salamu. Ukishaniuliza kama nimekula, unamrudishia baba simu yake. Na jambo lenyewe linataka picha.

Hapa kituoni kwetu tumepokea sanduku la buibui wachanga ishirini na wanne. Ni wale wakubwa wenye manyoya, ambao watu wa huku wanawafuga majumbani kama sisi tunavyofuga paka. Hawa bado wadogo, hawazidi punje ya harage, kila mmoja ndani ya kikombe chake cha plastiki. Sanduku lililowana njiani na wino wa majina ukafutika. Tunachojua ni kwamba wako wa aina mbili. Mmoja ni wa Amerika ya Kati, akikua anakuwa na nywele za kipilipili mwili mzima, mpole, mtu anamweka kiganjani. Wa pili ni yule wa kwetu wa rangi ya chungwa, wa mashamba ya Kilangala, ambaye tabia zake unazijua. Wakishakua, hata mtoto wa chekechea atawatenganisha. Wakiwa hivi wote ni kahawia.

Usidhani nimeshindwa. Shahada ya pili ya baiolojia ninayo na vitabu ninavyo. Nimekumbuka tu zile chupa zako za pale maabara ya sekondari, na ulivyokuwa unakaa nazo mpaka tunakuita kula, nikasema huenda kuna kitu kidogo ulichokiona kwa macho ambacho vitabuni hakimo. Kama kipo, niandikie. Picha sita nimezitia humu.

Wasalimie wote.

Mtoto wako,
Esha


Mtanda, Lindi
4 Januari 2024

Esha binti Pazi,

Marahaba. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mtoto wa Maimuna amepewa jina la bibi wa upande wa baba, jina ambalo silipendi, kwa hiyo sitaliandika. Ahmadi wa jirani ameezeka upya na mvua ya kwanza imempitia vilevile. Baba yako mgongo unamuuma kila siku. Anaposema hamna shida ana maana usimuulize tena.

Picha zako nimezitazama. Ni nzuri, ungeweza kuzitengenezea kalenda. Faida nyingine hazina.

Umesoma miaka mitatu Dar es Salaam, ukaenda miwili huko, na ukiwekewa buibui mbele yako bado unatazama rangi. Rangi anaitazama mnunuzi wa kanga. Buibui mchanga hana rangi yake mwenyewe, ana rangi ya umri wake, na kila akijivua ngozi anatoka na nyingine. Hili nilikuonyesha ukiwa darasa la tano, ukapiga miayo.

Sasa sikiliza, maana hutalikuta katika simu. Mtazame tumboni kwa juu. Yule mpole wa kwako, akishajivua mara tatu nne, anaota doa jeusi nyuma ya tumbo, kama mtu aliyekalia masizi, na humo ndimo zilipo nywele zake za kuwasha, anazozipukuta kwa miguu ya nyuma ukimchokoza. Huyu sijawahi kumshika, nimemsoma katika kitabu alichoacha mzungu mmoja wa kujitolea. Wa kwetu nimemshika. Hana doa, wala hana cha kupukuta. Yeye tumboni ana mistari inayotoka katikati kwenda pembeni kama mifupa ya samaki, na mgongoni mbele ana miali kama ya jua katika daftari la mtoto. Mtazame pia anavyokaa. Mpole anachimba, anasukuma udongo kama anajenga barabara. Wa kwetu anafuma utando mpaka kikombe kizima kinakuwa soksi. Ukimgusa kwa brashi hakimbii mbali, anainua miguu ya mbele na kukungoja.

Kwa picha siwezi kukuambia zaidi. Subiri wajivue, uniletee ngozi zao. Kila ngozi ikae katika karatasi yake, yenye namba ya kikombe, ndani ya bahasha ngumu. Ile hadubini ya zamani walinipa nilipostaafu kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuitengeneza, na bado inaona.

Wala usimpe mtu yeyote hata mmoja kabla hatujamaliza. Ismaili wa Kilangala aliumwa na wa kwetu akipalilia ufuta, akaja pale shuleni na buibui mwenyewe kwenye kopo nimwambie ni nani. Maumivu yalipanda hadi kwapani. Wiki ya pili vidole vilikuwa bado vinajikunja vyenyewe, mkewe akawa anamlisha. Na yule ni mwanamume wa jembe.

Uniambie pia hicho kituo chako kinaitwaje. Baba yako anaulizwa msikitini, anabaki kukohoa.

Shangazi yako,
Kadija


Poznan
19 Februari 2024

Shangazi,

Barua yako imefika. Nimefurahi kusikia Maimuna na mtoto hawajambo. Baba mpelekeni hospitali, msimwache na mafuta ya nyonyo.

Ngozi ulizotaka hizi hapa, kumi, za wale waliokwisha kujivua. Nazituma kwa sababu nilishasema nitazituma, si kwa sababu bado nazihitaji. Kazi tumeimaliza. Kuna programu ya simu, unampiga buibui picha nayo inakupa jina. Wanane imesema ni wa kwetu na kumi na sita ni wapole, kwa uhakika wa asilimia tisini na moja. Nimeandika majina mapya kwenye vikombe vyote. Katika hizo ngozi kumi, mbili ni za wa kwetu na nane za wapole, nimeandika pembeni ya kila namba ili usipate tabu.

Nadhani hujui dunia imefika wapi. Huku watu wanatambua wadudu kwa vinasaba, wewe unanieleza habari ya masizi na soksi. Na si vizuri kunisimanga kwa shule yangu. Wewe uliosha chupa miaka thelathini na moja, shangazi. Hukuwa mwalimu. Chupa ulizijua, sikatai, lakini kuosha chupa na kuelewa kilichomo ni mambo mawili.

Wateja wanaanza kuja mwezi wa tatu, kwa hiyo usijisumbue kujibu haraka.

Esha


Mtanda, Lindi
15 Aprili 2024

Esha,

Idd imepita salama. Baba yako alipelekwa hospitali ya Sokoine, wakampa vidonge na mkanda wa kiunoni, mkanda ameutundika ukutani.

Ngozi zako zilinifikia siku chache zilizopita. Katika nane ulizoandika mpole, tano ni wapole. Tatu ni wa kwetu. Ni namba tano, namba kumi na nne na namba ishirini na moja. Hazina doa, zina mifupa ya samaki, na miali mgongoni inaonekana hata kwa miwani ya kusomea. Zile mbili ulizoandika wa kwetu ni wa kwetu, hapo umepatia, na simu yako pia uipongeze.

Vikombe kumi na vinne ambavyo hukuniletea ngozi zake sivijui, na wewe huvijui.

Hao watatu wasishikwe na mtu.

Umeandika neno wateja. Kituo cha utafiti chenye wateja sijawahi kukisikia, ila mimi ni muosha chupa.

Kadija


Poznan
20 Mei 2024

Shangazi Kadija,

Shikamoo. Hali yangu si nzuri. Za huko nimezisikia kwa baba: mvua, barabara kukatika, na kwamba nyumba yetu haikuvuja. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Nianze na la kituo. Hakuna kituo. Ni duka la wanyama wa kufuga, liko chini ya jengo la ofisi, tunauza samaki, mijusi, sungura na buibui. Nimefanya kazi hapo mwaka na nusu. Nafasi za utafiti niliomba nikachoka, na baba alikuwa ameshawaambia watu. Mwambie ukitaka. Nimechoka kulibeba.

Mama mwenye nyumba ninayokaa ni mjane wa miaka sabini na moja. Anaishi chini, mimi juu. Ni fundi cherehani, anashona magauni ya harusi, na tangu mumewe afe anazungumza na redio. Mwezi wa tatu nilimpa buibui mmoja, zawadi, apate wa kumtazama. Nilimwambia ni mpole. Nilimwonyesha mwenyewe jinsi ya kumweka kiganjani, na siku ile alitulia, sijui kwa nini alitulia. Alikuwa namba kumi na nne.

Jumapili ya tarehe 28 Aprili, baada ya chakula cha mchana, nilisikia kiti kikianguka. Nilimkuta amekaa sakafuni ameshika mkono wa kulia, buibui yuko juu ya pazia. Alimng'ata kati ya kidole gumba na cha shahada. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Ulisema huyu ni yupi?"

Niliita gari la wagonjwa. Jioni ile vidole vilikuwa vimekunjamana kama karatasi iliyolowa umande ikakauka. Moyo wake una shida, wakamlaza siku tatu. Amerudi, lakini vidole vinabana kila baada ya siku mbili tatu, anashindwa kushika sindano. Mwezi wa tano na wa sita ndiyo miezi ya harusi huku. Magauni manne yamerudishwa kwa wenyewe hayajaisha. Ananipita kwenye ngazi akitazama ukuta.

Dukani nilieleza kila kitu, na bosi akaniambia nisirudi.

Barua yako ilifika tarehe 9 Mei. Namba kumi na nne umeiandika hapo, kwa mwandiko wako wa kulala. Niliisoma nimesimama mlangoni.

Sasa na mimi nina swali. Umeandika kwamba ngozi zilikufikia siku chache kabla ya tarehe 15 Aprili. Nimemuuliza baba, bila kumwambia sababu. Anasema bahasha yangu aliichukua posta mwenyewe wiki ya kwanza ya Ramadhani, na kwamba siku ile ulichelewa kufuturu kwa sababu ya hadubini, uji ukapoa. Wiki ya kwanza ya Ramadhani ni katikati ya mwezi wa tatu. Usiniambie habari ya mvua na barabara; barabara ilikatika mwezi wa tano.

Ulikuwa wapi mwezi mzima, shangazi?

Esha


Mtanda, Lindi
13 Juni 2024

Esha,

Marahaba. Baba yako nimemwambia habari ya duka. Aliuliza kama sungura wa huko wanaliwa. Ndiyo yote aliyosema. Miaka yote hii umemwogopa mtu wa namna hiyo.

Barua yako nimeisoma mara tatu na jibu la kwanza nililiandika la uongo. Niliandika kwamba posta ya siku hizi haiaminiki na kwamba kaka anachanganya miezi kwa sababu ya vidonge. Lilikuwa limeandikwa vizuri sana. Nimelichana.

Bahasha yako ilifika tarehe 16 Machi. Tarehe 19 nilikuwa nimemaliza. Hiyo namba kumi na nne ilinichukua muda mfupi kuliko zote, kwa sababu ngozi yake ilikuwa nzima na miali iko wazi. Nilijua siku ile ile kwamba kuna mtu huko atapewa kidude kile aambiwe ni mpole. Nilikuandikia barua jioni hiyo hiyo. Kisha nikaitia ndani ya sanduku la kanga zangu na nikafunga.

Nilitaka uniandikie kwanza. Barua yako ilikuwa imekuja bila shikamoo na ndani yake umeniita muosha chupa. Nikasema, hatajua mpaka aombe. Kila siku nilipoamka niliiona ile barua mbele ya macho, nikasema, kesho. Nilifunga mwezi mzima, nikasali tarawehe zote, na barua iko sandukuni. Simu ya kaka iko chumba cha pili, hatua tisa, nimezihesabu juzi. Ningeweza kumwambia akupigie aseme namba tatu, tano, kumi na nne na ishirini na moja, basi. Baada ya Idd nikaona hutaandika, nikaipeleka posta, lakini kwanza niliiandika upya na kuweka tarehe mpya, ili usijue kwamba nilikungoja. Hapo ndipo ninapojiona mjinga kuliko pengine pote. Nilihangaika kuficha kungoja kwangu kuliko nilivyohangaikia mkono wa mtu.

Sikuelezi haya ili unihurumie. Nakueleza kwa sababu umeuliza. Na kwa kuwa tumefika hapa, nikuambie pia kwamba siku niliyostaafu mkuu wa shule alisimama mbele ya wanafunzi wote akanipa chupa ya chai, akasema mama Kadija ametuoshea vyombo vyetu miaka thelathini na moja. Watu wakapiga makofi. Kwenye kabati nyuma yake kulikuwa na wadudu mia nne na kumi na wawili niliowatambua mimi, karatasi zina saini za walimu waliokuwa wakija na kuondoka. Wewe ulikuwepo, kidato cha tatu, safu ya mbele. Kwa hiyo ulipoandika lile neno nililijua limetoka wapi. Lakini mkuu wa shule hakupata kung'atwa, aliyeng'atwa ni mwanamke ambaye hajawahi kunitukana.

Nimemwandikia barua, iko humu. Mfasirie kama ilivyo, usinipambe. Nimemweleza yaliyompata Ismaili: kwamba vidole vilimbana kwa wiki tano, kila mara kidogo kuliko mara ya kabla, kisha vikaacha kabisa na mwaka ule ule alivuna ufuta wake mwenyewe. Maji ya vuguvugu yalimsaidia, barafu ilimzidishia. Daktari wake ndiye wa kusikilizwa. Mimi nasimulia nilichokiona. Mwisho nimemweleza barua yangu ilikuwa wapi.

Sasa wewe. Umefukuzwa, umeumia, umeandika kurasa nne, na hakuna mahali uliposema namba tano na namba ishirini na moja wako wapi. Umeuza? Kwa nani? Unakaa chumbani unalia juu ya kidole kimoja na huko nje viko vikombe viwili vyenye jina ulilobandika wewe. Mimi nilikaa na barua siku ishirini na saba. Wewe leo una siku ngapi tangu uipate?

Ondoka hapo ulipokaa.

Shangazi yako


Poznan
21 Julai 2024

Shangazi Kadija,

Shikamoo. Nimeanza kazi ya kufunga mikate katika kiwanda, zamu ya asubuhi. Nimempigia baba nikamwambia mwenyewe, asisikie kwako. Akaniuliza kama mikate ya huko ina sukari.

Barua yako ilinifika tarehe 3 Julai. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nilitaka kukuandikia kwamba mtu aliyekaa na barua sandukuni hana haki ya kunihesabia siku. Nilianza hata kuiandika. Lakini nilipohesabu nikapata siku hamsini na tano, nikaiacha.

Nilikwenda dukani nikamwomba bosi orodha ya wanunuzi. Akasema alishaniambia nisirudi. Nikamwambia sitatoka. Nilisimama kando ya matangi ya samaki saa nzima, wateja wakinitazama, mpaka akanipa ili niondoke.

Namba tano alikuwa kwa kijana mmoja anayekarabati baiskeli. Nilimweleza, akakifunika kikombe kwa mkanda wa gundi na kunikabidhi kabla sijamaliza sentensi. Alikuwa anamwogopa tangu siku ya kwanza ila anaona haya kusema.

Namba ishirini na moja alikuwa ng'ambo ya mji, nilipanda tramu mbili, zile treni za barabarani. Mnunuzi ni mwalimu wa sayansi, na buibui yuko darasani kwake. Shule zilikuwa zimefungwa, lakini kulikuwa na kambi ya likizo, watoto kumi na watano wa miaka minane, tisa. Ukutani wamebandika ratiba ya nani atamshika siku gani. Mpaka siku hiyo walikuwa wakimtazama tu, kwa sababu alikuwa anakaa ndani ya utando wake hatoki. Kushika kulipangwa kuanza Jumatatu.

Nilimweleza yule mwalimu. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia. Akatabasamu, akasema yeye anafundisha masomo haya miaka kumi na nane na programu yake ya simu imethibitisha jina. "Wewe ulikuwa unauza tu," akasema. "Kuuza na kujua ni vitu viwili."

Shangazi, niliona haya mbele ya mtu asiyejua kwa nini naona haya. Nilimwomba brashi ya rangi, wanazo pale za watoto. Nikamwambia atazame tumbo, aniambie doa jeusi liko wapi. Akainama. Akasema labda bado halijatoka. Nikamwambia ahesabu mistari. Akahesabu, nikaona tabasamu limepungua. Kisha nikamwambia apitishe brashi taratibu nyuma ya mguu, yule mpole atapukuta nywele au atakimbia. Akapitisha. Namba ishirini na moja aligeuka, akainua miguu ya mbele yote minne na kubaki hivyo, meno nje, akaipiga brashi mara mbili hata tukasikia. Yule mwalimu alirudi nyuma mpaka akagonga ubao.

Hakuomba radhi. Alikwenda ukutani akaibandua ile ratiba.

Vikombe vingine kumi na vinne ambavyo hukuvijua, nimevifuata pia. Vilivyobaki dukani bosi aliniruhusu nivitazame, kwa shingo upande. Viwili havijulikani viliko, wanunuzi wamehama. Nimebandika tangazo kwenye magazeti ya wafugaji na kila mtandao wao, na jina langu liko pale chini. Kuna watu wananitukana kila siku.

Nimeona pia ngozi mpya za wale watano uliosema ni wapole. Mmoja, namba kumi na saba, si mpole wala si wa kwetu. Ni aina ya tatu, ana doa lakini nywele zake zimenyooka, hana kipilipili. Umekosea. Nakutumia ngozi yake ili usibishe.

Barua yako kwa mama mwenye nyumba nilimsomea siku ya pili tu baada ya kuipata. Niligonga, akafungua kidogo. Nikasema nina barua ya shangazi yangu kutoka Tanzania, inahusu mkono wake. Aliniketisha jikoni, yeye akakaa upande wa pili na mkono juu ya taulo. Nilimfasiria sentensi kwa sentensi, sikukupamba. Habari za Ismaili alinirudisha nizisome tena, akauliza zile wiki tano ni tano kamili au ni za kukadiria. Nilipofika pale pa sanduku la kanga aliniambia nisubiri kidogo. Alikwenda dirishani. Akarudi akasema endelea.

Vidole vimeacha kubana tangu wiki iliyopita. Sindano anaishika, uzi namtungia mimi nikitoka kazini, kwa sababu mkono bado haujatulia. Gauni moja kati ya yale manne limerudi.

Jibu lake kwako amelisema jana na amenikataza nisililainishe. Anasema hajakusamehe, na mimi pia hajanisamehe, na kwamba familia yetu ina akili nyingi na haina adabu. Anasema barua yako imemweleza mkono wake vizuri kuliko madaktari watatu, na hilo ndilo linalomkasirisha zaidi.

Nilimwomba nimchukue namba kumi na nne, nimpeleke kwa mtu mwenye uzoefu. Maana siku ile nilimtoa kwenye pazia kwa glasi nikamrudisha kikombeni, na muda wote huo amekaa pale juu ya kabati la nyuzi. Alikataa. Sasa amemnunulia sanduku la kioo lenye kufuli, ufunguo anauvaa shingoni. Rangi imeanza kutoka, miguu imekuwa kama ganda la chungwa bivu. Amesema nikuulize anakula mara ngapi akiwa hivi, na kama anahitaji maji, na anaishi miaka mingapi. La mwisho nilimjibu mwenyewe. Nilimwambia akiwa jike, anaweza kufika miaka kumi na mitano.

Alijumlisha kwa vidole.

"Basi," akasema, "tutaona nani atamzika mwenzake."

Mtoto wako,
Esha